Kiti cha Kushoto

Vifaa vya chumba vililetwa Isevya na gari la kampuni asubuhi, na jua halijafika kichwani Nyamizi alikuwa ameshawaaga mafundi. Hakugombana nao. Aliwatazama wakigongomea spika ya kwanza juu kabisa, karibu na dari, mahali ambapo sauti ingewafaa mijusi kuliko watu, akawaomba washuke ngazi, wanywe chai, wamwachie kazi. Alikuwa fundi wa sauti redioni tangu usichana wake hadi mvi zilipoanza kumtoka, na alijua jinsi chumba kinavyoharibiwa.

"Dada, utaweza peke yako?" aliuliza Zuwena, mke mwenzake, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Siko peke yangu, wewe upo. Shika ncha ya huu mkanda."

Walianza na runinga. Waliiweka ukuta usiotazamana na dirisha, ili mwanga wa jioni usifute sura. Nyamizi aliketi, akamketisha na Zuwena, akaipandisha na kuishusha mpaka katikati ya kioo ikalingana na macho yao, kwa sababu mtu anayezungumza na mumewe hapaswi kukunja shingo kama anayesoma bango la barabarani. Chini ya runinga akaweka spika ya katikati, ile ya maneno. Kushoto na kulia akaweka spika za mbele, akazigeuza kidogo zitazame viti. Kisha mbili za ubavuni na mbili za nyuma, zote kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Spika ya besi akaitoa kwenye kona, maana ikikaa kwenye kona hunguruma hadi vikombe vikacheza kabatini. Akatandika zulia zito, akatundika pazia nene ukuta wa nyuma ili kuua mwangwi.

"Sasa sisi tunakaa wapi?" Zuwena akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Chumba cha namna hii kina mahali pamoja tu ambapo sauti zote hufika sikioni kwa mpigo mmoja. Mafundi hupaita kitovu. Anayeketi hapo husikia kila kitu kama kilivyokusudiwa, na wengine husikia kilichobaki.

Na chumba hiki hakikuwa cha kutazamia filamu. Mume wao, Feruzi, alikuwa mchimbaji katika Mwamba, mgodi unaoelea mbali kupita Mirihi. Neno likitoka huko hufika Tabora chai imeshapoa, na jibu likirudi, aliyeuliza ameshasahau swali. Watu hawawezi kuishi ndoa ya namna hiyo. Ndiyo maana kampuni iliwapa wafanyakazi wake Kaimu. Kaimu alikuwa na sura ya Feruzi, sauti ya Feruzi, kumbukumbu na mizaha ya Feruzi, naye alizungumza na familia papo kwa papo kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Mazungumzo yakiisha, yalifungwa furushi na kurushwa Mwambani. Feruzi alilala na kofia maalumu kichwani, na alipoamka alikuwa anayakumbuka kama mambo yaliyompata yeye mwenyewe, akiwa ameketi sebuleni kwake; naye Kaimu aliletewa ya Mwambani kabla ya Ijumaa nyingine.

Kaimu hakuwa na macho. Sheria ilikataza macho ya kampuni ndani ya nyumba za watu. Alisikia tu, na alisikia kwa spika zilezile alizosemea. Kwa hiyo aliyekaa vibaya hakukosa kusikia peke yake. Alikosa pia kusikiwa.

Feruzi alilijua hilo. Ujumbe wake wa kwanza baada ya kufika Mwambani aliuelekeza kwa mke mkubwa. "Mama Idrisa, kampuni inatoa chumba kimoja kwa mfanyakazi mmoja, haijali ana wake wangapi. Wewe ndiye mwenye sikio. Panga wewe. Panga kwa haki."

Nyamizi akapanga kwa haki. Alipima mara mbili, akaweka viti viwili vya mikono, kimoja kulia na kimoja kushoto, umbali uleule. Kitovuni akaweka kimeza na bakuli la karanga.

"Kwa hiyo hizo karanga ndizo zitakazofaidi," alisema Zuwena.

Wakacheka wote wawili. Kila mmoja akaketi kitini pake, akapiga makofi na kutaja jina lake mpaka chumba kikamzoea. Kwenye kidude cha kurekebishia, mistari miwili ya sauti zao ilisimama sawa kama meno ya mbele.

*

Ijumaa ya kwanza walioga mapema, wakajifukiza udi, ingawa wote walijua kwamba Kaimu hana pua.

"Asalaam aleikum, watu wangu," alisema Feruzi kutoka runingani. Sauti ilikuwa yake kabisa. Hata ule mkwaruzo mdogo kwenye herufi ya r ulikuwamo.

Kaimu alianza na mke mkubwa, kama ilivyostahili. Alimuuliza habari za Idrisa, mtoto wao aliyekuwa chuoni Mwanza. Akauliza bati la jikoni kama bado linavuja. Akauliza kama anameza dawa za presha kwa wakati au anazisahau tena. Yalikuwa maswali ya mume mwema, na Nyamizi aliyajibu moja baada ya jingine, moyo wake ukiwa umetulia.

Kisha ikafika zamu ya kiti cha kushoto.

Zuwena alifundisha watoto wa chekechea pale Cheyo, na kazi hiyo ilikuwa imempa sauti hamsini. Alianza kumwigiza mwalimu mkuu wao, mtu anayeongea kama aliyetia kiazi cha moto mdomoni, siku alipomkuta mbuzi ofisini amelala juu ya mitihani. Akawa mwalimu mkuu, akawa mbuzi, akawa mlinzi anayeapa kwamba hakumwona mbuzi. Feruzi akacheka. Kicheko kilimwanzia puani, akakizuia, kikamshinda. "Basi, basi, Zuwena! Utaniua wewe!" Akashindwa kuvuta pumzi, akapiga goti lake huko alikokuwa, akaanza upya.

Nyamizi alikaa na tabasamu lililoganda. Alikijua kicheko cha mume wake: kilikuwa kifupi, kama mtu anayesafisha koo. Miaka yote ya ndoa aliamini ameolewa na mwanamume asiyecheka sana, akaridhika naye hivyo, hata akajifunza kumtetea kwa ndugu zake waliomwona mkavu. Wivu haukumjia kwa hasira. Ulimjia kwa swali: kumbe kilikuwapo siku zote? Kilikuwapo ndani yake, mimi nalala naye kitanda kimoja, na hakuwahi kunipa?

Mazungumzo yalipokwisha, Zuwena alienda kumwogesha mtoto huku akiimba. Nyamizi alibaki kukusanya vikombe. Alipopita nyuma ya kiti cha kushoto alikishika mgongoni, akakivuta nyuma kidogo, kiasi cha kiganja. Akajiambia kwamba anakiondoa kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akainama kwenye spika ya ubavuni ya upande huo, akaigeuza uso ikatazama pazia. Kwa hilo hakujiambia kitu.

*

Kaimu aliumbwa kuchambua sauti. Ile iliyomfikia safi na kwa wakati aliihesabu kuwa ni mtu anayezungumza naye. Ile iliyochelewa na kufifia aliiweka fungu moja na feni, mvua ya bati na kuku wa jirani. Aliichuja, na haikuingia kwenye furushi. Nyamizi alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo kila wiki alisogeza kitu kimoja tu, kidogo, kisionekane. Safari hii kiti. Safari nyingine mto mkubwa wa kochi ulioegemezwa mbele ya spika ya nyuma, kwa kisingizio cha urembo. Wiki nyingine kile kimeza cha karanga kilisogea kushoto, na kiti chake mwenyewe kikasogea kitovuni kama mtu anayesukumwa na umati.

Mwanzoni Kaimu alianza kumwomba Zuwena arudie maneno. Baadaye akaacha kumwomba. Alimjibu kwa mkato, kama mtu anayejibu asichokielewa. Zuwena aliposimulia kisa, kimya cha runingani kilimkatisha katikati, naye akakimalizia haraka bila kuigiza sauti za watu.

"Dada, nimemkosea nini?" alimuuliza Nyamizi jikoni, wakichambua mchele.

"Wanaume wakiwa mbali hubadilika," alisema Nyamizi. "Mpe muda."

"Lakini kwako hajabadilika."

"Sisi tumezoeana."

Na kweli kwake Feruzi alikuwa amebadilika kwa uzuri. Kwa kuwa hakusikia mwingine, maneno yote yalikuwa ya Nyamizi. Walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza alipokuwa nyumbani: jinsi alivyomwona mara ya kwanza akitoka studio na nyaya mabegani, jinsi alivyoogopa kwenda kumposa. Siku moja hata alicheka. Hakikuwa kile kicheko cha goti, lakini kilikaribia. Nyamizi alitoka chumbani siku hiyo akitembea kama msichana, na alipomwona Zuwena uani akianua nguo kimyakimya, alimwonea huruma ile ambayo mshindi humwonea aliyeshindwa, huruma tamu isiyomzuia mtu kulala.

Ndipo ikaja Ijumaa ya Salha.

Salha, yule mtoto wa Zuwena, alizaliwa baba yake akiwa safarini, na alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia viti. Alasiri ile Feruzi alikuwa anamweleza Nyamizi jinsi wanavyopika ugali Mwambani, ambako maji hayatulii sufuriani. Salha alijivuta kwenye mkono wa kiti cha kushoto, akainua uso, akaitazama ile sura kubwa kiooni. Akanyoosha kidole.

"Baba," alisema.

Zuwena aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Umesikia? Mume wangu, umemsikia? Salha, sema tena, mama! Sema!"

"Baba. Baba!"

Kaimu alikunja uso. "Mama Idrisa, kuna kelele huko nyuma. Mmewasha redio?"

Zuwena alimgeukia Nyamizi kwa macho yaliyojaa, macho ya mtu anayeomba kushikwa mkono asianguke. Ilikuwa kazi ya neno moja tu. Nyamizi angesema, *ni binti yako, amekuita*, na neno hilo lingesikika, kwa maana yeye alikuwa kitovuni.

Lakini akilini alikiona kile kicheko kikirudi. Alimwona Feruzi akicheka na kulia kwa pamoja, akimtaka mtoto arudie, na arudie tena, na mama wa mtoto arudie, mpaka alasiri yote iishe na yeye asiulizwe hata habari za dawa.

"Ni kelele za nje," alisema. "Endelea, mume wangu. Maji yanafanyaje?"

Zuwena alimbeba mtoto akatoka.

*

Ujumbe wa Feruzi mwenyewe, si wa Kaimu, ulitambulika kwa mstari wa kijani chini ya runinga. Haukuja mara nyingi, kwa sababu kuurusha kulihitaji zamu na foleni. Ule uliokuja wiki iliyofuata ulimkuta Nyamizi peke yake nyumbani, Zuwena akiwa shuleni na mtoto.

Feruzi halisi alikuwa amekonda kuliko wa Ijumaa. Nyuma yake palionekana mtu akipita na ndoo.

"Mama Idrisa, nakwambia wewe kwanza kwa sababu ndiye uliyebaki kuwa mwenzangu. Nikikumbuka nyumbani, nakukumbuka wewe. Nakumbuka Ijumaa zote. Zuwena alinichekesha ile ya kwanza, tangu hapo nakumbuka amekaa, hasemi. Kila nikitafuta sauti yake napata kimya. Hata mtoto. Wenzangu huku wanaamka wanasimulia watoto wao wamesema nini, mimi nikimtafuta mwanangu napata ukuta." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mke asiyetaka hata kunisemesha sitamfunga. Nafikiria kumwacha, arudi kwao Nzega akiwa bado kijana, apate anayemtaka. Lakini mimi ni mtu wa kumbukumbu za kuletewa. Wewe uko hapo, unaona kwa macho. Ijumaa nitakuuliza. Ukiniambia na wewe umeona hivyo, nitatamka talaka."

Mstari wa kijani ukazimika.

Nyamizi alibaki kitovuni akisikiliza mlio mdogo wa spika tupu. Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa furaha, na hakuna sababu ya kumfichia. Nyumba yake. Mume wake. Kicheko chote, hata kama angekaa miaka akikisubiri. Na hakuhitaji kusema uongo mkubwa. Angesema tu, *naam, anakaa kimya*. Ni kweli alikuwa anakaa kimya.

Alitoka uani kupata hewa, akamkuta Zuwena ndiyo kwanza anaingia, mtoto mgongoni analialia kwa usingizi. Zuwena alimpakata, akaanza kumbembeleza kwa kumpigapiga mgongoni. Alimpigapiga tu.

"Mwimbie," alisema Nyamizi. "Si ndivyo anavyolala?"

"Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Kuimba." Zuwena hakumtazama. "Naona sauti yangu ina kasoro, dada. Nikisema, mtu anakunja uso. Hata shuleni siku hizi nawaachia watoto wasimuliane wenyewe. Sitaki Salha naye aizoee halafu aichukie." Kisha maneno yakamtoka kwa kishindo. "Na nitakwambia ukweli, nakuonea wivu. Nakaa pale nakutazama unavyozungumza naye, natamani nikung'oe kwenye kile kiti kwa nywele. Halafu naona aibu, kwa sababu wewe hujanifanyia kitu."

Redioni Nyamizi aliwahi kuona watu wakinyang'anywa vipindi, vyeo, hata mishahara. Hakuwahi kuona mtu akinyang'anywa sauti yake kooni mpaka akasadiki kwamba ndivyo alivyoumbwa. Na aliyemnyang'anya alikuwa yeye, kwa mikono yake, kidogo kidogo, kiganja baada ya kiganja.

*

Ijumaa aliamka na uamuzi, lakini ulikuwa uamuzi wa nusu. Alikirudisha kiti cha kushoto mahali pake. Akaondoa mto. Akaigeuza spika ya ubavuni ikatazama kiti, akapima kwa mkanda, akajaribu kwa makofi mpaka mistari miwili ikasimama sawa kama siku ya kwanza. *Itatosha*, alijiambia. Zuwena atasikika, Feruzi atafurahi, na habari ya kuachana itajifia yenyewe. Hakuna atakayejua.

"Asalaam aleikum, watu wangu."

"Waaleikum salaam," alijibu Zuwena kwa sauti ndogo, ya mazoea, ya mtu asiyetegemea kitu.

Kaimu aligeuka upande wa kushoto. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu ageuke hivyo, na Zuwena alishtuka akashika mikono ya kiti.

"Leo umekuja na salamu, Mama Salha?" Sauti ilikuwa wazi, haikufifia hata chembe, na ilikuwa baridi. "Baada ya kimya chote kile?"

"Kimya? Mimi?" Zuwena alihema. "Mume wangu, nimeongea kila wiki! Nimeongea mpaka nimechoka! Mtoto amekuita hapahapa, ukasema ni redio!"

"Zuwena, mimi nakumbuka. Nilikuwapo. Hukusema kitu." Sura ya runingani ilimwelekea Nyamizi. "Mama Idrisa, ujumbe wangu uliupata. Niambie na wewe. Umeona hivyo ninavyokumbuka?"

Ndipo Nyamizi alipoelewa kwamba spika zinaweza kurudishwa mahali pake, lakini Ijumaa hazirudi. Zilikuwa zimeshalala kichwani mwa Feruzi, moja juu ya nyingine, na kila moja ilishuhudia dhidi ya mwanamke aliyeketi pale. Hakuna fundi wa kuziondoa. Kilichowezekana ni kuweka nyingine juu yake, nzito kuliko zote, na hiyo Feruzi angeamka nayo kesho kana kwamba ameambiwa ana kwa ana. Angeikumbuka maisha yake yote, na angemkumbuka aliyeisema.

Alitazama pazia. Alitazama mikono yake.

"Hapana," alisema. "Sikuona hivyo. Zuwena amezungumza nawe kila wiki. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

"Sema vizuri, Mama Idrisa."

"Nilikivuta kiti chake. Niligeuza spika zisimsikie. Nilijua unavyochuja sauti, nikamweka kwenye fungu la kelele. Na mwanao alikuita baba. Neno lake la kwanza. Uliniuliza ni nini, nikakwambia ni kelele za nje." Kila neno alilitamka wazi, lisichujwe. "Ulicheka na mwenzangu kicheko ambacho hukuwahi kunichekea mimi. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine."

Kaimu alijibu kwa sauti ileile, lakini kama ya mtu aliyerudi nyuma hatua moja. "Haya si yangu kuyajibu. Nayapeleka kwa mwenyewe."

Kioo kikawa cheusi.

Nyamizi hakuthubutu kugeuka. Alisikia kiti cha kushoto kikilia Zuwena alipoinuka, akasikia miguu juu ya zulia. Alingoja kofi. Kofi lingekuwa jepesi.

"Siku ile nilikuuliza jikoni," alisema Zuwena juu ya kichwa chake. "Nilikuuliza nimemkosea nini. Ukaniambia nimpe muda, huku unachambua mchele."

"Ndiyo."

"Ulichambua mpaka ukaisha. Mkono wako haukutetemeka hata kidogo."

Akamchukua mtoto, akatoka. Zikapita siku wakipikia majiko mbalimbali, wakipishana uani kama wapangaji.

*

Jibu lilikuja na mstari wa kijani. Safari hii Nyamizi alimwita Zuwena kabla ya kuliwasha, akasimama mlangoni asiketi.

Feruzi alikuwa na macho mekundu. Alianza na mke mdogo. "Zuwena, nisamehe. Siwezi kukumbuka nisichokisikia, lakini naweza kuambiwa. Niambie yote tangu mwanzo. Yule mbuzi alifanya nini baadaye? Na mtoto, niletewe sauti ya mtoto hata kama analia." Kisha akatafuta pa kuweka macho. "Mama Idrisa. Hizi Ijumaa ndizo zilizokuwa zinanilaza. Wewe na mimi, tukizungumza kama hatujawahi kuzungumza. Na zilikuwa za kweli, hilo najua. Ndiyo maana naumia. Sasa nikizikumbuka namtafuta mtoto nyuma ya maneno yako. Sikuachi. Lakini mpaka nirudi, usiingie chumbani humo Ijumaa. Utaniletea habari zako kwa ujumbe, kama ndugu wengine."

Nyamizi aliitikia kwa kichwa, ingawa hakukuwa na wa kumwona. Alikuwa ameshageuka kuondoka Zuwena alipomwita.

"Dada. Ngoja." Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkanda wa kupimia mkononi. "Sijakusamehe. Usifikiri nimekusamehe."

"Sifikiri."

"Lakini utanifundisha. Kila spika, inafanya nini, inatazama wapi, nikiikosea kinaharibika nini. Sitaki tena kukaa mahali nilipopangiwa na mtu."

Akamfundisha. Walianza na runinga. Ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu walizungumza spika tu: hii isogeze, hiyo ina mwangwi, piga makofi, sikiliza. Zuwena alikuwa mwepesi kujifunza, na hakumshukuru hata mara moja. Kiti cha kulia alikitoa, akakiweka kando ya mlango. Cha kushoto alikisukuma hadi kitovuni, akatandika blanketi chini mbele yake, mahali pa mtoto.

Ijumaa ilipofika Nyamizi aliketi barazani na sinia la mchele. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini ukuta wa nyumba ile haukuwa mnene. Alisikia salamu. Alimsikia Salha akisema neno lake, na baba yake akimwomba arudie. Alimsikia Zuwena akianza kwa woga, kisha akipata joto, kisha mbuzi yule akaingia ofisini upya. Wivu ukamchoma palepale pa siku zote, haukuwa umepungua, akauacha umchome akiwa ameketi.

Chini ya sauti hizo sikio lake likanasa kitu kingine. Spika ya mbele ya kushoto ilikuwa imesogezwa karibu mno na ukuta. Maneno ya Feruzi yalitoka na uzito mbaya, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Ilikuwa ni kuivuta kidogo tu. Kabla hajajizuia alikuwa ameshasimama, kiganja kikiwa juu ya mlango.

"Zuwena," aliita. "Spika ya mbele, ya kushoto. Imegusa ukuta."

Ndani kisa kikakatika.

"Naisikia, dada," alijibu Zuwena. "Iache."

Nyamizi akauondoa mkono mlangoni, akarudi kwenye mchele wake.